Mbona taa za boti zinafifia muziki ikilia? Maneno juu ya kondansateri, batri na waya



Katika namba hii tunaacha kidogo mihogo na kahawa, tunapanda ndani ya boti. Katika mikutano na koperative za kando ya ziwa Kivu, upande wa Idjwi na upande wa Kalehe, swali moja lilirudi mara mingi kuliko hata swali la mbolea: ile ampli na bafle tuliweka juu ya boti kwa kuita watu pwani, mbona ikipiga besi taa zote zinafifia, na kufika saa tisa ya usiku batri imekufa? Na swali la pili linafuata palepale: muuzaji wa mjini anasema tununue kondansateri, ni kweli itatengeneza?

Kuko wale watasema haya ni maneno ya vijana wa muziki, hayahusu mkulima. Mimi ninaona yanamhusu sana. Boti ndiyo inapeleka mananasi, ndizi na maharagwe yenu Kituku na Bukavu. Bafle ndiyo inamjulisha mama aliye juu ya kilima kwamba boti imefika, ashushe mizigo yake mbele haijaondoka. Na batri inayolisha bafle mara mingi ni ileile inayolisha taa ya mbele ya boti, taa ambayo boti nyingine inaona katika giza. Batri ikikufa katikati ya ziwa, kitakachokosekana kwanza si muziki.

Tuanze na kile kondansateri iko.

Kondansateri ni chombo kinachoshika umeme kidogo na kinaweza kuuachilia haraka sana. Zile zinazouzwa kwa ajili ya ampli ziko kama kopo refu la duara, ziko na misumari miwili juu, ya plus na ya minus, na mara mingi kuko kisanduku kinachoonyesha namba za volti kwa mwanga wa buluu. Kipimo chake kinaitwa faradi. Juu ya kopo mtasoma 1 F, 2 F, pengine zaidi, na pembeni 16 V, maana yake haipashwi kupewa umeme wa kupita volti 16.

Mtu wa pepinieri atanielewa upesi. Tuseme kisima kiko juu ya kilima, tuyo ni mwembamba, na chini mnanyweshea miche. Kila mara mnahitaji maji mingi kwa mara moja, tuyo haitoshi, maji yanakuja polepole. Mnaweka bidoni ndogo chini, karibu na miche. Tuyo inaijaza wakati hamtumii, na mkihitaji kumwaga kwa nguvu mnachukua katika bidoni. Kisima ni batri. Tuyo ni waya. Bidoni ndogo ni kondansateri. Sasa mniambie: kisima kikikauka, ile bidoni itaongeza maji? Hapana. Na kama tuyo imetoboka katikati, bidoni itaziba tundu? Hapana tena. Bidoni inasaidia jambo moja tu, kumwaga kwa haraka kwa kitambo kidogo.

Kitambo kidogo cha namna gani? Hapa hesabu inasema wazi. Ampli ikivuta ampere 20 kwa pigo moja la ngoma, kondansateri ya kweli ya faradi 1 ikiilisha peke yake itashuka volti moja ndani ya sekunde 0.05. Ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Pigo la besi lenyewe linaweza kupita hapo. Baada yake kondansateri inapashwa kujazwa tena, na inajazwa na batri ileile, kupitia waya uleule.

Tufanye hesabu ingine, juu hii ndiyo wauzaji hawapendi. Batri ya 60 Ah ikiwa nzima inashika umeme mara 17,000 kupita kondansateri ya faradi 1. Kama batri ni pipa la litri 200, kondansateri ni vijiko viwili vya chai. Basi mtu akiwaambia kwamba kondansateri itafanya batri ikae usiku muzima, mumuulize vijiko viwili vya chai vinaongeza nini katika pipa.

Sisemi kondansateri ni uongo. Iko na kazi yake, nitaifikia. Lakini mara mingi ugonjwa wa boti si ule ambao dawa hii inatibu, na bei yake koperative ingeweza kuitumia kwa kitu kingine.

Ugonjwa wa kwanza ni waya. Fundi anaweka batri nyuma karibu na moteri, ampli iko mbele chini ya turubai, mbali ya metre 6. Anatumia waya wa 2.5 mm², ule wa kuweka nyumbani, kwa sababu ndio aliupata. Umeme unakwenda metre 6 na unarudi metre 6, jumla ni 12. Waya huo wa shaba kwa urefu ule unazuia karibu omu 0.084. Ampli ikivuta ampere 20, volti 1.7 zinapotelea njiani, zinageuka joto ndani ya waya. Batri inatoa 12.4, ampli inapokea 10.7. Na kama taa zimeungwa kwenye waya uleule mbele, nazo zinapokea 10.7, njo maana zinafifia kila besi ikipiga. Mkiweka waya wa 10 mm², hasara ileile inashuka mpaka volti 0.4 hivi. Hakuna kondansateri itakayofanya kazi hiyo kwa namna ya kudumu.

Mukienda kununua kable kubwa, mubebe kisu kidogo. Kuko kable zinazong'aa kama shaba inje, lakini ukikwangua kidogo ndani ni nyeupe: ni aluminiumu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwenye unyevu wa boti inaoza upesi pale inapofungwa. Bei yake ya chini ndiyo inavuta watu. Muiache.

Ugonjwa wa pili ni mafungio. Maji ya mvua, mvuke wa asidi, mtikisiko wa moteri: baada ya miezi michache vichwa vya batri vinaota unga mweupe au wa kijani. Unga ule unazuia umeme kupita hata kama waya ni mnene. Ondoeni kamba ya minus kwanza, ndipo ya plus, muoshe kwa maji ya majivu bila kuyaingiza ndani ya batri, mukaushe, mukwangue mpaka chuma ing'ae, mufunge kwa nguvu, mupake vazelini juu. Saa moja ya kazi. Nimeona boti ambapo kazi hii peke yake ilirudisha taa, na makuta ya kondansateri yalibaki katika sanduku la koperative.

Ugonjwa wa tatu, na ndio mkubwa, ni kwamba umeme unaotoka unapita ule unaoingia. Hapa komite inapashwa kukaa na kalamu kama inavyofanya kwa hesabu ya mbegu. Tuseme batri ya 60 Ah. Taa mbili za LED, kila moja wati 10, zinakula pamoja karibu ampere 1.7. Kwa masaa 10 ya usiku ni 17 Ah. Kujaza simu za kapiteni na wasafiri, ampere 1 kwa masaa 5, ni 5 Ah. Tuko kwenye 22. Ampli inayopiga kwa nguvu ya katikati, tuseme ampere 6 kwa wastani, kwa masaa 6, ni 36 Ah. Jumla 58. Mmemaliza batri nzima. Lakini batri ya gari haipashwi kushuka chini ya nusu, maana ilitengenezwa kwa kuwasha moteri, si kwa kumwagwa mpaka mwisho. Kila mara mnaishusha hivyo, inapoteza sehemu ya uzima wake, na baada ya kitambo mnasema batri za siku hizi ni mbaya. Muangalie tena zile namba: bila muziki, 22 Ah zinaingia vizuri katika nusu ya batri. Ampli ndiyo inavunja hesabu.

Wengine wanajibu: lakini moteri inajaza. Inategemea. Moteri nyingi ndogo za kuvuta kamba hazina kabisa umeme wa kujaza batri. Zingine ziko na koili ya taa, na mara mingi nguvu yake ni ya wati 80 hivi, moteri ikikimbia. Hiyo ni kama ampere 6, na ikienda polepole inashuka sana. Tena umeme wa koili ile ni wa kwenda na kurudi, batri haiukubali mpaka upite katika kifaa cha kuugeuza na kuupima, regilateri. Mumuulize fundi wa moteri kama yenu iko nacho, mumuambie awaonyeshe kwa kidole.

Plake ya jua juu ya paa la boti inasaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Plake ya wati 100 inaweza kutoa ampere 5 ama zaidi kidogo jua likiwa kali, na boti ikilala bandarini mchana, inajaza batri bila esanse. Lakini inapashwi kupitia regilateri yake. Plake inayoitwa ya volti 12, ikiwa haijaungwa kwa kitu, inatoa volti 20 na zaidi. Mkiiunga moja kwa moja kwa kondansateri iliyoandikwa 16 V, mnaiua, na inaweza kupasuka na kumwaga dawa ya ndani. Vilevile koili ya moteri: msiiunge kamwe kwa ampli na kondansateri bila batri katikati. Moteri ikikimbia na batri haipo, volti zinapanda kupita kipimo. Watu wengine wamefundishwa kwamba kondansateri inaweza kushika nafasi ya batri. Hapana.

Neno moja juu ya wati zinazoandikwa kwenye ampli. Utasoma 2000 W, 3000 W, kwa herufi kubwa. Msiamini herufi, muangalie fizibu iliyo nyuma ya ampli. Kama fizibu ni ya ampere 20, basi ampli hiyo haiwezi kuvuta kwa kudumu kupita 20 mara 12, ni wati 240, na sehemu nzuri ya hizo inageuka joto mbele ya kufika kwa bafle. Hesabu ya waya na batri ifanywe juu ya fizibu, si juu ya karatasi ya kuuzia.

Sasa, namna ya kujua mnaumwa nini. Kila koperative iliyo na boti inunue multimetri, ile ya bei ya chini inatosha. Muziki ikipiga kwa nguvu, mtu mmoja apime volti juu ya vichwa vya batri, tena apime pale waya unapoingia ampli. Kama batri inaonyesha 12.5 na ampli inaonyesha 11, tatizo ni waya ama mafungio. Kama pande zote mbili zimeshuka pamoja, batri ni tupu ama imezeeka. Mupime pia asubuhi, batri ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila kazi: 12.7 ni imejaa, 12.2 iko karibu ya nusu, 11.8 imekwisha na mnaiharibu. Ikiwa usiku ilijaa na asubuhi inashuka bila mtu kuitumia, ni ya kubadilisha.

Ni pale tu ambapo waya ni mnene, mafungio ni safi, batri ni nzima na imejaa, lakini taa bado zinapepesa kidogo kwa kila pigo la besi, ndipo kondansateri iko na kazi. Pigo lile la haraka, multimetri haiwezi hata kuliona, ni jicho linaliona kwenye taa. Kondansateri ikiwekwa karibu ya ampli, italainisha pigo lile, na sauti ya besi itakuwa safi zaidi. Ni hiyo tu. Ni kazi nzuri lakini ni ndogo.

Kama mumeamua kuiweka, musikilize vizuri sehemu hii, maana ndiyo inaweza kuchoma boti.

Kondansateri tupu ni kama mtu mwenye njaa ya siku tatu. Ukiiunga moja kwa moja kwa batri, inavuta umeme wote kwa mara moja na inatoa cheche kama ya fundi wa kusudiri. Na katika boti zetu, chini ya mbao, kuko bidoni za esanse. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kabisa, mahali pua ya mtu haifiki. Cheche moja inatosha. Kwa hiyo kazi hii ifanywe boti ikiwa imefungwa pwani, mchana, esanse yote imeshushwa na kuwekwa mbali, mbao za chini zimefunguliwa hewa ipite, na hakuna mtu anayevuta sigara. Kapiteni akisema ana haraka, asubiri.

Ampli izimwe. Ungeni kwanza minus ya kondansateri kwa minus ya batri. Halafu plus, lakini si moja kwa moja: muweke katikati taa ndogo ya gari ya volti 12, wati 5, ile ya zamani yenye uzi ndani, si LED. Umeme utapita polepole kupitia taa. Taa itawaka, itafifia pole pole, itazima. Ikizima kabisa, kondansateri imejaa, ondoeni taa na mfunge plus. Musikosee plus na minus hata siku moja, kondansateri iliyogeuzwa inachemka na kupasuka.

Ile taa inawapa tena faida ya pili. Kondansateri ya kweli ya faradi 1 inaifanya iwake kwa sekunde kadhaa, ikififia taratibu. Kama ni ya faradi 1 kwenye karatasi lakini taa inazima ndani ya sekunde moja, ndani hakuna kitu. Sokoni ziko kopo kubwa zenye kakitu kadogo ndani. Muuzaji mwema atakubali mufanye jaribio hilo dukani kwake mbele ya kulipa. Akikataa, mmejua.

Iwe karibu na ampli, isipite nusu metre, imefungwa kwa nguvu isigongegonge, na misumari yake ifunikwe na kitu cha mpira. Kuiweka kando ya batri nyuma ya boti, kama wengine wanavyofanya kwa sababu kuko nafasi, ni kuweka bidoni juu kando ya kisima.

Fizibu kubwa iwekwe kwenye waya wa plus, karibu kabisa na batri, isipite sentimetre 20. Fizibu inalinda waya, si ampli: waya ukikwaruzwa na msumari wa boti na plus ikagusa minus, fizibu inakatika mbele waya haujawaka moto. Kwa waya wa 2.5 mm² muweke ya ampere 20, kwa waya wa 6 mm² ya 40, kwa waya wa 10 mm² ya 60. Kuweka kipande cha msumari ama karatasi ya sigara pahali pa fizibu, mimi nasema wazi, ni kuweka moto ndani ya boti yenye mama na watoto.

Jambo lingine ambalo ningependa kila komite ilijadili: kutenganisha. Batri moja ya taa na simu, ambayo ampli haiigusi hata kidogo, na batri ya pili, hata ya zamani kidogo, ya muziki. Muziki ikimaliza batri yake, inanyamaza yenyewe na taa zinabaki. Kwa maoni yangu, koperative ikiwa na makuta ya kununua kitu kimoja tu, inunue batri hii ya pili mbele ya kufikiri kondansateri. Na kama hakuna hata ya batri ya pili, muweke swichi kubwa ya ampli karibu na mkono wa kapiteni, na giza likiingia izimwe. Usiku kapiteni anahitaji masikio yake, kusikia moteri ya boti nyingine, kusikia upepo unageuka. Vijana watanung'unika. Wanung'unike.

Kondansateri yenye kisanduku cha namba za buluu inakula umeme mchana na usiku, hata ampli ikiwa imezimwa. Ikiwa inakula miliampere 50 tu, juma moja boti ikikaa bila safari ni zaidi ya 8 Ah zimekwenda bure. Kwa hiyo boti ikipandishwa pwani kwa kuzibwa nyufa, mutoe fizibu kubwa ya batri. Na mkitaka kuondoa kondansateri yenyewe, muondoe plus yake kwanza, halafu mumwage umeme uliobaki ndani kwa kuunga ileile taa ya wati 5 kati ya misumari yake miwili mpaka izime. Musiigusishe na ufunguo wa chuma kuimaliza haraka: cheche yake inachoma vidole na kuyeyusha chuma. Taa hiyo ifungwe ndani ya plastiki na iwekwe pamoja na vyombo vya moteri, isitafutwe siku ya kazi.